Kristian Birkeland

Kristian Olaf Bernhard Birkeland (13 Desemba 1867 – 15 Juni 1917) alikuwa mwanafizikia na mvumbuzi kutoka nchini Norwei. Anakumbukwa hasa kwa mambo matatu: maelezo yake kuhusu chanzo cha nuru za kaskazini, mzinga wa sumaku-umeme alioombea hataza mwaka 1901, na njia ya kutengeneza mbolea ya nitrojeni kutokana na hewa, aliyoibuni pamoja na mhandisi Sam Eyde mwaka 1903.

Mambo hayo yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini yote matatu yalitokana na swali moja: mkondo wa umeme hufanya nini unapokutana na sumaku? Mzinga wake ni babu wa vifaa vinavyoitwa leo bunduki za koili, ambavyo wanafunzi na mafundi hujitengenezea kama jaribio la fizikia. Haukufanikiwa kama silaha, kwa kuwa ulikwama kwenye tatizo linalomsumbua kila anayeanza kazi hiyo hadi leo: namna ya kuwasha na kukata mkondo mkubwa kwa wakati unaotakiwa. Lakini moto wa umeme ulioharibu mzinga huo, ukishatawaliwa, ndio uliotoa mbolea.

Maisha ya awali na elimu

Birkeland alizaliwa Christiania, mji mkuu wa Norwei ambao tangu mwaka 1925 unaitwa Oslo. Baba yake aliitwa Reinart Birkeland na mama yake Ingeborg Ege. Wakati huo Norwei ilikuwa bado na mfalme mmoja na Uswidi. Nchi hizo zilitengana mwaka 1905.

Alianza kuandika makala za kisayansi akiwa kijana wa miaka 18. Alisoma katika chuo kikuu cha Christiania, kisha kuanzia mwaka 1893 aliendelea na masomo Paris, Geneva na Bonn. Huko Paris alimsikiliza mwanahisabati Henri Poincaré, na Bonn alikwenda kwa Heinrich Hertz, mtu wa kwanza kuthibitisha kuwepo kwa mawimbi ya redio. Mwaka 1895 alitoa suluhisho la jumla la milinganyo ya Maxwell, ambayo ni misingi ya elimu yote ya umeme na sumaku. Aliporudi nyumbani alifundisha chuoni, na mwaka 1898 alifanywa profesa wa fizikia, akiwa na umri wa miaka 30 tu.

Utafiti wa nuru za kaskazini

Katika nchi zilizo karibu na ncha ya kaskazini ya Dunia, anga ya usiku huweza kuonyesha mapazia ya mwanga wa kijani, mwekundu au wa zambarau yanayotembea. Nuru hizo huitwa pia aurora. Hadi mwisho wa karne ya 19 hakukuwa na maelezo ya chanzo chake yaliyokubaliwa na wote.

Mwaka 1896 Birkeland alipendekeza kwamba Jua hutoa chembe zenye chaji ya umeme, na kwamba chembe hizo zikifika karibu na Dunia huongozwa na ugasumaku wake kuelekea kwenye ncha. Zikigonga hewa ya juu, hewa hiyo hung'aa. Ili kupata ushahidi alifanya kazi katika sehemu mbili: milimani na maabarani.

Milimani kazi ilikuwa ya hatari. Katika safari za kwanza za kaskazini mwa Norwei watu wake walikumbwa na dhoruba ya theluji, na mwanafunzi wake Bjørn Helland-Hansen alipoteza vidole kwa baridi. Baadaye mwanafunzi huyo alikuwa mtaalamu mashuhuri wa bahari. Mwaka 1899 Birkeland alijengesha nyumba za mawe juu ya mlima Haldde, karibu na Alta, ili kupima nuru na sumaku majira yote ya baridi. Mmoja wa wasaidizi wake, Elisar Boye, alifariki mwaka 1900 katika maporomoko ya theluji. Katika msafara mkubwa wa miaka 1902 hadi 1903 vituo vinne viliwekwa kwa wakati mmoja: Norwei, Iceland, Spitsbergen na Novaya Zemlya. Kwa kulinganisha vipimo vya vituo hivyo, Birkeland alionyesha kwamba mikondo mikubwa ya umeme hupita angani pale nuru zinapotokea.

Maabarani alitengeneza mfano mdogo wa Dunia, tufe lenye sumaku-umeme ndani yake, na kuliweka katika sanduku la kioo lililoondolewa hewa. Alipolielekezea miali ya elektroni, pete za mwanga zilitokea karibu na ncha mbili za tufe, kama ilivyo kwa nuru za kaskazini na za kusini. Kifaa hicho aliita terrella, yaani Dunia ndogo.

Mzinga wa sumaku-umeme

Misafara hiyo ilihitaji fedha nyingi kuliko chuo na bunge la nchi vilivyoweza kutoa. Birkeland aliamua kuzitafuta kwa uvumbuzi. Mwaka 1901 aliomba hataza ya mzinga unaorusha kombora kwa sumaku-umeme badala ya baruti, na akaanzisha kampuni ya kuuendeleza. Miongoni mwa waliomsaidia alikuwa Gunnar Knudsen, mhandisi na mwanasiasa aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Norwei. Hataza ya Marekani kwa uvumbuzi huo ilitolewa mwaka 1904 kwa namba 754,637.

Msingi wa mzinga huo ni rahisi kueleza. Waya ukizungushwa mara nyingi kuwa koili na kupitishiwa mkondo, koili hugeuka sumaku. Kipande cha chuma kilichowekwa kwenye mdomo wa koili huvutwa ndani kuelekea katikati. Kikifika katikati, mvuto huwa sifuri. Kikipita hapo huku mkondo ukiendelea, mvuto hugeuka na kukirudisha nyuma. Kwa hiyo haitoshi kuwasha koili. Ni lazima pia kuizima kabla kombora halijapita katikati. Birkeland alipanga koili nyingi mfululizo kando ya mtutu, na mkondo ulitakiwa kukatwa hatua kwa hatua kadiri kombora lilivyosonga mbele.

Muda wa kufanya hivyo ni mfupi sana. Kombora linalokwenda mita 50 kwa sekunde hupita koili yenye urefu wa sentimita 5 katika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kasi ikiongezeka mara mbili, muda hupungua kuwa nusu. Mwaka 1901 hapakuwa na transista wala kifaa kingine cha kukata mkondo mkubwa kwa kasi hiyo bila sehemu zinazogusana na kuachana. Mikondo mikubwa ilikatwa kwa kutenganisha vipande vya metali.

Mzinga wake wa kwanza ulirusha kombora la chuma la gramu 500 kwa kasi ya mita 50 kwa sekunde. Kwa mizinga iliyofuata alifika mita 100 kwa sekunde, kasi ambayo hupeleka kombora umbali wa karibu kilomita 1. Alikuwa ametumaini kufika mita 600 kwa sekunde. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa nishati ya mwendo huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi: ili kasi iongezeke mara 6, nishati inatakiwa kuongezeka mara 36. Aidha, chuma hufikia kikomo ambapo kuongeza mkondo hakukifanyi kuwa sumaku yenye nguvu zaidi kwa kiasi cha maana. Mizinga ya kawaida ya baruti ilikuwa tayari inazidi mita 500 kwa sekunde. Kwa hiyo Birkeland alianza kukieleza kifaa chake kama topido ya angani, ambayo ingerusha milipuko taratibu, bila moshi wala mshtuko wa baruti.

Onyesho la mwaka 1903

Mwanzoni mwa mwaka 1903 Birkeland alionyesha mzinga wake katika ukumbi wa chuo kikuu mjini Christiania, mbele ya wageni ambao baadhi yao walitarajiwa kununua uvumbuzi huo. Alipouwasha, koili moja ilipiga shoti. Tao kubwa la umeme lilitokea, pamoja na mlio, moto na moshi, na wageni wakataharuki.

Sababu ya tukio kama hilo inaeleweka. Koili yenye mkondo huhifadhi nishati katika sumaku yake. Ni kama lori lililosheheni linaloteremka mlima: haliwezi kusimama papo hapo bila nguvu iliyomo kupata pa kwenda. Mkondo ukikatwa ghafla au kihami kikipasuka, volteji hupanda hadi hewa yenyewe inaanza kupitisha umeme. Kwa mfano, koili ya milihenri 1 yenye mkondo wa ampea 100 ikikatwa katika sehemu moja ya laki moja ya sekunde, huzaa volti 10,000, hata kama chanzo chake kilikuwa cha volti chache tu.

Mzinga ungeweza kutengenezwa upya na onyesho kurudiwa. Halikurudiwa, kwa sababu katika majuma hayo hayo Birkeland alipata matumizi mengine ya tao la umeme.

Mbolea kutoka hewani

Tarehe 13 Februari 1903 Birkeland alikutana na mhandisi Sam Eyde katika chakula cha jioni nyumbani kwa Gunnar Knudsen. Eyde alikuwa amepata haki za kutumia maporomoko ya maji kusini mwa Norwei na alitafuta kiwanda cha kutumia umeme wake. Alihitaji mtu wa kutengeneza radi kubwa hapa duniani, na Birkeland akamjibu kwamba anayo. Kwa kawaida husimuliwa kwamba wazo lilizaliwa kutokana na ajali ya mzinga peke yake. Hata hivyo Birkeland alikuwa ameshughulika kwa miaka kadhaa na umeme unaopita katika gesi karibu na sumaku, na alijua kwamba sumaku hulivuta na kulipanua tao.

Haja ya Eyde ilitokana na tatizo la chakula. Mimea huhitaji nitrojeni, na ingawa karibu asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni, mimea mingi haiwezi kuitumia moja kwa moja. Mwishoni mwa karne ya 19 mbolea ya nitreti ilitoka zaidi katika jangwa la Chile. Mwaka 1898 mwanakemia Mwingereza William Crookes alionya kwamba akiba hiyo itakwisha na kwamba wanakemia lazima watafute njia ya kuitumia hewa.

Ilijulikana tangu karne ya 18 kwamba cheche za umeme huunganisha nitrojeni na oksijeni, kama radi inavyofanya wakati wa mvua. Lakini tao la kawaida ni jembamba na hugusa hewa kidogo tu. Birkeland aliweka ncha mbili za shaba, zilizopozwa kwa maji, katikati ya sumaku-umeme yenye nguvu. Mkondo ulikuwa wa kugeuka-geuka, wa takriban volti 5,000. Sumaku ilisukuma tao upande mmoja, na mkondo ulipogeuka ililisukuma upande wa pili, hata likaonekana kama sahani pana ya moto. Hewa ilipitishwa katika sahani hiyo yenye joto la zaidi ya sentigredi 3,000, kisha ikapozwa haraka ili oksidi ya nitrojeni iliyotokea isivunjike tena. Oksidi hiyo iliyeyushwa katika maji kuwa asidi ya nitriki, na asidi ikachanganywa na mawe ya chokaa kupata nitreti ya kalisi, iliyouzwa kwa jina la shura ya Norwei.

Njia hiyo huitwa njia ya Birkeland na Eyde. Majaribio yalianza Christiania, yakaendelea karibu na Arendal, na mwaka 1905 kiwanda kilianza kazi Notodden. Tarehe 2 Desemba 1905 ilianzishwa kampuni ya Norsk Hydro, kwa mtaji uliotoka hasa Uswidi na Ufaransa. Mwaka 1911 kiwanda kikubwa zaidi kilifunguliwa Rjukan, kikitumia umeme wa kituo cha Vemork, ambacho kilikuwa miongoni mwa vituo vikubwa kabisa vya umeme wa maji duniani.

Udhaifu wa njia hii ulikuwa ulaji wake wa umeme: takriban kilowati-saa 15,000 kwa kila tani ya asidi ya nitriki. Iliwezekana tu mahali penye maporomoko makubwa na umeme wa bei nafuu sana. Wakati huo huo Fritz Haber na Carl Bosch nchini Ujerumani walibuni njia ya kutengeneza amonia kwa nitrojeni na hidrojeni, na kiwanda chao cha kwanza kilianza mwaka 1913. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Norsk Hydro nayo ilihamia kwenye njia hiyo.

Birkeland hakukaa muda mrefu katika shughuli za kiwanda. Uhusiano wake na Eyde ulipungua, kwa kuwa Eyde alikuwa mfanyabiashara na msimamizi, naye alitaka kurudi kwenye utafiti. Fedha alizopata alizitumia kwa maabara yake na kwa kuchapisha matokeo ya msafara wa nuru za kaskazini, kitabu kikubwa kilichotoka katika sehemu mbili, mwaka 1908 na 1913. Alipendekezwa mara kadhaa kwa Tuzo ya Nobel, lakini hakuipata.

Maisha ya binafsi

Mwaka 1905 Birkeland alimwoa Ida Charlotte Hammer. Hawakupata watoto, na ndoa ilivunjika mwaka 1911. Alizoea kufanya kazi usiku na mchana, na kwa miaka mingi alisumbuliwa na ukosefu wa usingizi. Ili alale alitumia dawa iliyoitwa Veronal, na mazoea hayo yalimdhoofisha mwili na akili.

Misri, Sudani na kifo

Katika miaka yake ya mwisho Birkeland alivutiwa na nuru ya zodiaki, yaani mwanga hafifu unaoonekana angani upande wa Jua baada ya machweo au kabla ya macheo. Mwanga huo huonekana vizuri zaidi katika nchi za joto zenye anga kavu, na kwa sababu hiyo alikuja Afrika. Katika majira ya baridi ya 1913 hadi 1914 alifanya uchunguzi nchini Sudani pamoja na msaidizi wake Thoralf Skolem, ambaye baadaye alikuwa mwanahisabati mashuhuri. Kisha aliishi Helwan, kusini mwa Kairo nchini Misri.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilimkuta huko. Misri ilikuwa chini ya Waingereza, na Birkeland aliamini kwamba anapelelezwa. Afya yake iliendelea kudhoofika kwa upweke na kwa dawa za usingizi. Mwaka 1917 aliamua kurudi nyumbani kwa kuzunguka upande wa mashariki, kwa kuwa njia za Ulaya zilikuwa za hatari. Alifika Japani, ambako alikutana na wanafizikia wa Tokyo, akiwemo Torahiko Terada. Tarehe 15 Juni 1917 alikutwa amefariki katika chumba cha hoteli mjini Tokyo, baada ya kumeza kiasi kikubwa mno cha Veronal. Alikuwa na umri wa miaka 49.

Urithi

Mikondo ya Birkeland

Kwa miaka mingi baada ya kifo chake, wataalamu wengi walikataa wazo kwamba mikondo ya umeme huingia na kutoka katika angahewa kwa kufuata mistari ya ugasumaku wa Dunia. Mpinzani mkuu alikuwa Sydney Chapman wa Uingereza, wakati Hannes Alfvén wa Uswidi alilitetea. Vipimo vya ardhini peke yake havikuweza kumaliza ubishi huo. Ulimalizwa na satelaiti, ambazo kuanzia miaka ya 1960 zilipima mikondo hiyo juu ya angahewa. Leo inaitwa mikondo ya Birkeland.

Bunduki za koili na uchaguzi wa swichi

Tatizo la mzinga wa mwaka 1901 lilianza kupata jibu miaka 30 baada ya Birkeland kufariki. Transista ilivumbuliwa mwaka 1947, na thairista ikaingia sokoni katika miaka ya 1950. Zikafuata transista za aina ya MOSFET, na katika miaka ya 1980 zile za IGBT. Vifaa hivi hukata au kupitisha mkondo bila vipande vya metali kugusana. Kwa ajili hiyo bunduki ya koili imekuwa jaribio linalofaa kwa wanaojifunza sumaku-umeme, ambapo kapasita iliyochajiwa humwaga umeme wake katika koili kwa mara moja. Kila aina ya swichi ina sifa zake:

Swichi ya mkono au rilei ni rahisi kupata, lakini vipande vyake hudunda vinapogusana, hutoa cheche na huweza kushikana kwa kuyeyuka. Tena ni ya taratibu mno kwa muda unaohesabiwa kwa sehemu za elfu za sekunde. Hutumika kuonyesha tatizo zaidi kuliko kulitatua.

Thairista huvumilia mkondo mkubwa wa ghafla na huwashwa kwa umeme mdogo. Ila haizimwi kwa amri: ikishawaka huendelea hadi mkondo upungue wenyewe karibu na sifuri. Kwa hiyo kapasita na koili lazima viwiane, ili umeme uishe kabla kombora halijapita katikati. Kapasita ikiwa kubwa mno, kombora huvutwa nyuma, na mjenzi hushangaa kuona kwamba ameongeza nishati na kasi imepungua.

MOSFET huwashwa na kuzimwa kwa amri, tena kwa haraka sana. Hufaa zaidi kwa volti za chini. Adui yake ni volteji inayoruka koili inapokatwa, ambayo huiua mara moja ikiwa haikulindwa.

IGBT nayo huzimwa kwa amri, na hufaa kwa volti za mamia na mikondo mikubwa. Huhitaji saketi ya kuiwasha iliyotengenezwa vizuri, kwa kawaida ya volti 15 hivi. Ikiwashwa nusu nusu hupata joto na kuungua.

Pamoja na swichi huwekwa dayodi sambamba na koili, ili mkondo wa koili upate njia ya kuzunguka swichi inapokata. Dayodi huiokoa swichi, lakini pia huuchelewesha mkondo kuisha, na kombora linaweza kuvutwa nyuma kwa sababu hiyo. Kinza kidogo kikiunganishwa mfululizo na dayodi huharakisha mkondo kuisha, ila volteji kwenye swichi huongezeka. Kwa hiyo kila kinachopatikana upande mmoja hulipiwa upande mwingine.

Vipuri hivi vimo katika vifaa vinavyotumika kila siku: MOSFET katika inveta za umeme wa jua, IGBT katika mashine nyingi za kisasa za kuchomelea. Kipuri kilichotolewa kwenye kifaa kibovu hakifai kutumika kabla ya kujua, kwa karatasi ya maelezo ya kiwanda, kinavumilia volti na ampea ngapi. Kwa anayeanza, koili moja yenye volti za chini na MOSFET, au koili moja yenye thairista, hutosha kujifunza misingi yote.

Volti za chini zina sababu nyingine iliyo muhimu zaidi. Nishati ya kapasita huongezeka kwa kipeo cha pili cha volteji. Kapasita ya maikrofaradi 1,000 ikichajiwa kwa volti 50 huhifadhi juli 1.25, na kwa volti 400 huhifadhi juli 80, yaani mara 64 zaidi. Kapasita ya namna ya pili inaweza kumuua mtu anayeigusa, hata muda mrefu baada ya chanzo cha umeme kuzimwa. Huunganishwa na kinza cha kuimwaga, na hupimwa kwa mita kabla ya kushikwa. Kombora nalo lisielekezwe kwa mtu wala mnyama.

Mbolea ya nitreti katika Rungwe

Ingawa matao ya umeme ya Birkeland yalikwisha kuzimwa, mbolea aliyoianzisha imeenea mbali na Norwei. Mfano mmoja ni wilaya ya Rungwe katika mkoa wa Mbeya, Tanzania, ambayo wakati wa uhai wake ilikuwa sehemu ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Mji wa Tukuyu uliitwa Neu-Langenburg. Udongo wa Rungwe ni wa volkeno na wenye rutuba, na mvua ya Tukuyu huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo hustawisha chai, ndizi, viazi mviringo na mahindi, lakini nitreti huyeyuka kwa urahisi katika maji na kuchukuliwa chini ya mizizi. Ndiyo sababu mbolea ya kukuzia yenye nitrojeni huwekwa mmea ukiwa tayari unakua, na mara nyingi kwa awamu, badala ya kuwekwa yote siku ya kupanda.

Kati ya mbolea za kukuzia zinazojulikana na wakulima wa Nyanda za Juu Kusini ni CAN, ambayo ndani yake mna nitreti, amonia na chokaa. Nitreti yake na chokaa yake ndivyo vitu vilivyokuwemo katika shura ya Norwei ya mwaka 1905, ila nitrojeni yake sasa hupatikana kwa njia ya Haber na Bosch. Kitengo cha mbolea cha Norsk Hydro kilitenganishwa mwaka 2004 kuwa kampuni ya Yara, ambayo mbolea zake zinauzwa Tanzania kupitia bandari ya Dar es Salaam.

Kumbukumbu

Kuanzia mwaka 1994 sura ya Birkeland ilichapishwa kwenye noti ya kroner 200 ya Norwei, hadi toleo jipya lilipotoka mwaka 2017. Kasoko moja ya Mwezi inaitwa kwa jina lake. Mwaka 2015 UNESCO iliingiza maeneo ya viwanda ya Rjukan na Notodden katika orodha ya Urithi wa Dunia, pamoja na vituo vya umeme, reli na nyumba za wafanyakazi vilivyojengwa kwa ajili ya mbolea ya hewani.